Vioo Vinne Ukutani

Mkurugenzi wa kanda wa majengo ya kale alikuja kumtoa mama mzee ndani ya nyumba. Hakuja kuchunguza vioo. Lakini ngazi za zahanati ya zamani zilikuwa zimelika kwa miaka mingi ya nyayo za watu, na mwanamume wa miaka hamsini na mitatu mwenye goti bovu lazima apumzike katikati. Alipopumzika, pua yake ikawa mkabala na kipande cha kioo cha urefu wa kidole, kilichogandishwa ukutani kwa plasta ncha zote mbili, kikiwa kimekatiza juu ya ufa mrefu.

Kioo kilikuwa kimevunjika. Hilo alilijua. Ndilo lililomfanya atie sahihi.

Kazi ya vioo vile ni nyepesi ukishaelezwa. Unakuta ufa ukutani, hujui ni wa juzi au wa enzi za babu yako. Unabandika kioo chembamba juu yake, unaandika tarehe kwa penseli, unaondoka zako. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo hakinyumbuki, kinakatika. Ukirudi ukakikuta kizima, ukuta umelala. Ukikikuta kimekatika, ukuta unatembea, na watu watoke.

Kwenye ukuta huu vilibandikwa vinne, kuanzia chini ya ngazi hadi karibu na dari. Vilikaa miezi kumi na moja vizima. Wiki iliyopita kamati ya mtaa ikapeleka taarifa kwamba vyote vimekatika. Mhandisi wa manispaa akaja, akasimama mlangoni kwa kuwa jengo sasa ni la hatari na yeye ana watoto, akahesabu vioo kwa kidole, akaenda kuandika ripoti ya ukurasa mmoja. Jumatatu ripoti ikafika mezani kwa Mkurugenzi pamoja na karatasi nyingine thelathini. Alitia sahihi amri ya kubomoa kabla chai yake haijapoa. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa nne asubuhi tingatinga lingeingia.

Mkurugenzi alipitisha ukucha juu ya mpasuko wa kioo. Haukukwama popote. Akatoa wembe aliokuwa akichongea penseli, akaujaribu katikati ya vipande viwili. Haukuingia.

Akainama zaidi. Ukuta unaotembea huvivuta vipande, kimoja hiki huku, kingine kule, au kimoja humpanda mwenzake. Hivi vilikuwa vimetulia bega kwa bega. Na katikati palikuwa na doa dogo jeupe lenye mistari iliyotawanyika kila upande. Kioo kinachokatwa na ukuta hakina doa. Doa ni la kugongwa.

Alichungulia ndani ya ufa wenyewe. Utando wa rangi ya chokaa, uliopakwa mwaka jana, ulikuwa umeunganisha kingo mbili za ufa kwa ndani. Utando mwembamba kama ganda la kitunguu, mzima, hauna hata mchirizi.

"Unasali hapo au umechoka?" sauti ilitoka juu.

Mkunga mstaafu alikuwa amesimama kwenye kichwa cha ngazi, mikono kiunoni, kitambaa kichwani kimefungwa kama mtu anayekwenda kupigana. Nusu ya mtaa ule alikuwa ameipokea kwa mikono yake mwenyewe, humu humu. Zahanati ilipofungwa, wakubwa walimwachia funguo na chumba cha nyuma ghorofani, wakasahau kurudi. Watu wa mtaa wakageuza chumba cha chini kuwa maktaba yao, wakapaka rangi, wakaweka mabenchi. Yeye akabaki mlinzi, bila barua wala cheo.

"Nimechoka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyetia sahihi?"

"Ndiye mimi."

Alimkagua kutoka viatu hadi kipara. "Una sura ya mtu mwema. Hao ndio wanaotumaliza."

"Nilikuja kukuomba uhame leo, mama. Sasa naomba kitu kingine. Mna ngazi ya mbao?"

"Ya nini?"

"Nataka kukiona kile kioo cha juu."

"Iko uani, ya shemeji yangu, Fundi Chokaa. Kila mtu anaikopa, kurudisha ndiyo shughuli." Akatangulia kushuka. "Na ukianguka usiniambie nikushone. Mimi nilistaafu."

Walirudi na ngazi. Mkunga aliishika kwa chini, Mkurugenzi akapanda goti lake likilia. Kioo cha pili, doa. Cha tatu, doa. Cha nne, karibu na dari, doa pia. Lakini chini yake kidogo aliona kitu ambacho hakukitegemea, akabaki pale juu muda mrefu hadi Mkunga akauliza kama amesinzia.

Palikuwa na kiraka ukutani, ukubwa wa dole gumba. Kimelainishwa, kimesawazishwa na ukuta mpaka ukipita na macho huoni kitu. Ni vidole tu vilivyogundua. Kilikuwa na ubaridi kuliko plasta ya pembeni. Akakigusa kwa ukucha, ukucha ukaacha alama. Kibichi. Hakijafikisha wiki mbili. Unywele mmoja mgumu, wa kahawia, ulichomoza pembeni yake.

Alishuka.

"Umeona nini?" Mkunga aliuliza.

"Ukuta haujasogea, mama. Mtu amevigonga."

"Nani?"

"Sijui bado."

Mkunga aliiachia ngazi. "Basi nisipange vyombo vyangu kwenye boksi?"

"Amri bado ipo. Kuiondoa nahitaji kueleza kwa maandishi ni nani na kwa nini, kabla ofisi hazijafungwa. Saa tisa na nusu."

Saa ya ukutani ya maktaba ilionyesha saa sita na robo.

*

Mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuwa kinyozi, duka lake likitazamana na zahanati. Mkurugenzi alimkuta akimnyoa mtu ndevu, wembe ukicheza shingoni, mdomo ukicheza zaidi.

"Karibu, bosi! Kaa. Ingawa kwako mimi sina kazi, nywele zako zimeshajiuzulu."

Mteja akacheka, kinyozi akamzuia kidevu. "Tulia, nitakukata."

"Taarifa ya vioo uliisaini wewe," Mkurugenzi alisema.

"Mimi. Na mhuri wa kamati."

"Uliviona?"

"Viwili vya chini niliviona kwa macho haya. Vya juu niliambiwa na Fundi Chokaa, yeye ndiye anayepanda. Mzee wa watu, hajawahi kudanganya hata kuhusu umri wake. Kwani vipi?"

"Nani mwingine aliingia pale wiki ile?"

Kinyozi aliufuta wembe kwenye taulo, akashusha sauti, ingawa mteja alikuwa na masikio mawili mazuri. "Nikuambie? Nyapara wa yule mkandarasi wa kubomoa. Nilimwona na futi ya kupimia, hapo hapo nje, kabla hata mhandisi hajaja. Akapima huku, akapima kule, akaandika kwenye pakiti ya sigara. Sasa wewe jiulize, mtu anapimiwa jeneza kabla hajafa?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wapi, mkuu wangu? Kwenye barua? Barua zetu si mlizifungia karanga huko?"

"Barua zipi?"

Kinyozi alimtazama kwenye kioo, si usoni. "Acha nimalize ndevu za watu," akasema.

*

Mkandarasi alikuwa langoni mwa zahanati akishusha mabati ya uzio. Mtu mnene, mchangamfu, jasho linamtoka kama amemwagiwa.

"Nyapara wako alikuwa hapa juma lililopita na futi," Mkurugenzi alisema. "Tenda umeipata lini?"

"Jumanne hii."

"Basi alikuwa anapima nini?"

Tabasamu lilipungua, halikuisha. "Mkurugenzi, usinitie kwenye maneno ya saluni. Alikuwa anapima hicho." Akanyoosha mkono kwenye kiwanja cha jirani, ambako msingi wa stoo mpya ulikuwa umeshachimbwa. "Kazi ya mtu binafsi. Mpaka wetu unagusa ukuta wa zahanati, lazima upime. Kibali hiki hapa, tarehe hiyo hapo."

Karatasi ilikuwa safi, na tarehe ilikubaliana. Mkurugenzi hakuirudisha haraka.

"Vijana wako waliingia ndani?"

"Kufanya nini? Kusoma vitabu?"

"Plasta unayotumia ni ya nini?"

"Saruji na mchanga. Kuna nyingine?" Aliuliza kwa dhati kabisa.

Mkurugenzi alitazama mifuko iliyopangwa chini ya turubai. Yote ya kijivu. Vumbi lake, viatu vya vibarua, ndoo zao, yote ya kijivu. Akamrudishia karatasi, akasimama pembeni ya lango na kupanga mambo yake polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

Mtu amegonga vioo vinne. Kwenye kile cha juu, pengine mkono ulichoka au nyundo iliteleza, akachubua ukuta. Angekuwa mtu anayeutaka uanguke, angekwenda zake; ukuta wa kubomolewa unauma nini ukichubuka? Lakini huyu alishuka, akaenda akaleta plasta, akapanda tena akaziba. Akalainisha kwa kidole. Plasta nyeupe, yenye unywele ndani.

Ukuta ule haukuwa na adui.

*

Nyuma ya zahanati, uani, kulikuwa na shimo lililofunikwa magunia yaliyoloweshwa. Fundi Chokaa alikuwa amefunua upande mmoja, anakoroga kwa mti mrefu. Ndani mlikuwa na uji mzito mweupe, umelala humo tangu mwaka juzi. Chokaa ya namna ile haitaki haraka. Mikono ya mzee ilikuwa imepasukapasuka kuliko ukuta wowote aliowahi kuutengeneza. Mke wake, mdogo wake Mkunga, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo alikula mchana kwa shemeji yake na kulipa kwa kuziba nyufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Angalia viatu, inaunguza hiyo."

Mkurugenzi alichuchumaa, akachota kidogo na ncha ya kijiti, akaisugua kwenye kipande cha tofali. Nywele ngumu za kahawia zilibaki.

"Hizi za nini?"

"Za mbuzi. Zinaishika plasta isidondoke. Siku hizi hawazijui hizi. Wanapaka saruji, ukuta wa zamani unakosa pumzi, unavimba, halafu wanasema umezeeka."

"Ni wangapi wanaojua kazi hii katika kanda yetu?"

"Tulikuwa watatu." Aliendelea kukoroga. "Nimebaki mimi."

"Nina swali la kifundi, mzee wangu. Tuseme mtu yuko juu ya ngazi, anagonga kitu, nyundo inamponyoka, inachubua ukuta. Kidogo tu, hapa." Akaonyesha dole gumba. "Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningeziba."

"Hata kama huo ukuta unabomolewa?"

"Hata kama nini? Si umechubuka!" mzee alisema, karibu kwa hasira.

Mti ukasimama ndani ya shimo.

Magunia yalidondosha maji. Mzee alitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Shemeji?"

Mkunga alikuwa kwenye mlango wa nyuma, boksi la vyombo mikononi. Hawakujua amesimama pale tangu lini.

"Rudi ndani, shemeji," Fundi alisema.

"Sirudi. Mimi natolewa kesho kama kuku mgonjwa, na wewe siku nne unakula mezani kwangu unanyamaza? Useme mbele yangu."

Mzee aliuacha mti, akakaa kwenye ukingo wa shimo. Hakuruka kimanga, hakujitetea.

"Tuliandika barua," alianza. "Kinyozi aliandika, mimi namtajia. Ya kwanza, paa linavuja kwenye kona, maji yanaingia ukutani, tunaomba mabati mawili. Kimya. Ya pili, tunaomba nguzo za kutegemeza. Kimya. Zilifika saba. Ya saba niliipeleka mwenyewe kwa mguu. Karani wako pale dirishani, kijana mzuri tu, akaniambia, mzee, usijisumbue. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, ina mhuri. Kwamba kuanzia sasa yanashughulikiwa majengo ya hatari tu. Mengine yasubiri. Nikamuuliza, hatari ni nini? Akasema, kwa mfano vioo vikikatika."

Mkurugenzi aliijua karatasi ile. Aliiandika mwenyewe.

"Nikasema, basi vikatike," mzee aliendelea. "Niligonga taratibu. Ukuta wenyewe mzima, naujua kama mgongo wangu. Nilifikiri mtakuja mbio mlete nguzo, mlete mabati, mkishafika mtaona paa. Mmeleta tingatinga."

"Kwa nini hukusema ukweli, mzee? Jumatatu, Jumanne?"

"Jumanne nilikuja ofisini kwako. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa tisa. Nikaambiwa uko kikaoni."

Ilikuwa kweli. Kikao kilikuwa cha kuwashirikisha wananchi.

Mkunga aliweka boksi chini. Alimwendea shemeji yake na ikaonekana atampiga. Badala yake akamfuta chokaa iliyomrukia shavuni, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mchafu. "Mjinga wewe," akasema. "Mjinga, mjinga." Kisha akamgeukia Mkurugenzi. "Sasa?"

"Sasa naandika."

"Utamwandika yeye?"

"Bila kumwandika, amri haiondoki, mama. Watauliza ni nani, na watauliza nimejuaje."

"Atafungwa?"

"Aandike," Fundi alisema. "Asinifiche. Akinificha watasema ametunga ili aokoe sahihi yake."

*

Aliandika kwenye benchi la maktaba, kwa mkono. Aya ya kwanza ilieleza vioo: madoa, utando wa chokaa ambao haujachanika, kiraka na unywele wake, maungamo ya Fundi, na kwamba ukuta ni imara. Fundi alisomewa, akasahihisha mahali pamoja palipoandikwa saruji, akatia sahihi kwa herufi kubwa zilizolala. Aya ya pili ilieleza barua saba, karatasi iliyobandikwa dirishani na aliyeiandika, na sahihi ya Jumatatu iliyotiwa na mtu ambaye hakuja kuona. Hiyo aliisaini peke yake.

Akainakili yote upya kwenye karatasi nyingine, akavuka barabara, akamwachia kinyozi. Saa nane na dakika ishirini akapiga picha ile ya kwanza kwa simu, akaituma makao makuu.

Simu iliita kabla ya robo saa. Mkurugenzi Mkuu hakusalimia.

"Nimesoma. Aya ya kwanza ni nzuri sana. Nasitisha sasa hivi, na polisi watamfuata huyo mzee. Aya ya pili itoe."

"Haitoki, mkuu."

"Sikiliza, ndugu yangu. Mzee kachanganyikiwa, kavunja vioo, umemkamata, jengo limepona. Wewe ni shujaa. Unataka nini zaidi?"

"Ukiitoa ya pili, ya kwanza haina maana. Mtu na akili zake havunji kitu anachokipenda bila kusukumwa. Na tumemsukuma sisi. Mimi hasa."

"Unajua utamwaga unga?"

"Najua."

"Basi mimi ndiye ninayeitoa. Barua iko kwangu."

"Nakala iko kwa kinyozi, mkuu. Ameibandika juu ya kioo cha duka. Mpaka sasa watu watano wameshaisoma wakisubiri kunyolewa."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa na mtu mwenye hasira.

"Huyo fundi," sauti ilirudi, ya chini zaidi, "aandikiwe onyo. Polisi waachwe. Tingatinga lisimame. Mabati ya paa nitatafuta. Na wewe Jumatatu saa mbili uniletee funguo za ofisi na za gari."

"Sawa, mkuu."

Simu ikakatika. Nje, mkandarasi alikuwa ameshapigiwa yake. Alisikika akiwafokea vibarua wapandishe mabati walivyoyashusha, na kibarua mmoja akiuliza kama nguvu zake ni za kuchezea.

Fundi na Mkunga walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye benchi la watoto, magoti juu, wakimtazama mdomo.

Mkurugenzi aliiweka simu mfukoni, akawaambia nusu ya kwanza; ya funguo akaibakiza. Mkunga alivuta boksi lake karibu, akafungua, akaanza kutoa sufuria moja moja.